Pete Nyekundu ya Mzee Randa

Juma lililopita mliniacha kwenye benchi la maabara, nimeshika kikaratasi cha namba kumi na saba kama mgonjwa anayesubiri sindano. Leo nawaambia kwamba niliitwa. Afadhali wangenisahau palepale.

Kwa aliyeingia sasa hivi, nitasema kwa kifupi. Mimi ni mkamwana wa fundi seremala, na katika karakana ya familia kazi yangu ni karatasi. Ndiyo maana baba mkwe ananiita Karani. Mimi namwita Baba akiwa mbele yangu, na akinipa mgongo namwita Mzee Randa, kama mji mzima unavyomwita. Tunatengeneza vitanda vya watoto wachanga. Duka moja kubwa la nchi jirani liliagiza vitanda mia na ishirini, tukaruka kwa furaha. Ndipo tukaambiwa kwamba nchi ile haipokei kitu chochote cha mtoto bila cheti cha ubora, na cheti chenyewe hupatikana huku huku kabla mzigo haujaondoka.

Mara ya kwanza walitukatalia. Wana kipande cha mbao cha mviringo wanachokiita kichwa, na hicho kichwa kilipita katikati ya fito zetu bila hata kupiga hodi. Tukafumua vitanda vyote, tukaongeza fito, tukapeleka sampuli nyingine. Mume wangu alikonda kwa mawazo. Mimi nilinenepa, maana nikiwa na wasiwasi nakula.

Kuna msomaji ameniandikia: "Dada, kwa nini msiuze hapa hapa nyumbani mkaachana na mateso hayo?" Ndugu yangu, ningepata wateja wa vitanda mia na ishirini hapa nyumbani, usingenisoma kwenye ukurasa huu wa watu waliopatwa.

Haya. Jumatatu asubuhi, namba kumi na saba ikaitwa.

Nyuma ya meza alikuwa yule mama wa maabara niliyewahi kuwaeleza, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nimempa jina Bi Mizani. Tangu nimfahamu sijawahi kuyaona meno yake.

"Mmefaulu," akasema.

"Nini?"

"Mmefaulu. Kichwa hakipiti, miguu haiyumbi, vanishi haina sumu. Alhamisi mkaguzi atakuja kulinganisha mzigo na sampuli. Vikifanana, atapiga muhuri wa lakiri kwenye mlango wa ghala na mtasafirisha. Visipofanana, hiki cheti mtawashia moto."

Nikamkumbatia. Alikubali kukumbatiwa kama nguzo ya umeme inavyokubali.

Nyumbani ilikuwa vifijo. Mume wangu alimbeba binti yetu, Kipusa, akamzungusha mpaka kiatu kikaruka. Baba mkwe alikishika cheti kwa ncha za vidole, akakigeuza, akanirudishia.

"Vitanda nimetengeneza miaka arobaini," akasema. "Leo karatasi ndiyo inaniambia kwamba najua kazi."

"Ndiyo hivyo Baba, dunia imekuwa ya karatasi."

"Basi wewe utatawala."

Siku hiyo hata ugomvi wangu wa kila jioni na Kipusa niliusahau. Kipusa ana miaka tisa na bado anasoma kwa kidole, herufi moja moja, na akifika mwisho wa mstari amesahau mwanzo wake. Nimemwita mvivu. Nimemwita kichwa maji. Nimemwandikia mwalimu wake barua nikisema mtoto huyu hataki tu, abanwe. Nayasema haya mapema ili mbele ya safari msije mkanionea huruma nisiyostahili.

Tukiwa kwenye vifijo hivyo, wifi yangu akaingia na mwanawe kiunoni. Mumewe anafanya kazi mbali, kwa hiyo yeye na mtoto wanaishi nasi. Mtoto ana miezi minane na tunamwita Bwana Mkubwa, kwa sababu ya tumbo.

"Wifi, mwone mwanao," akasema. "Kapaka rangi ya mdomo kusherehekea cheti."

Kweli, midomo ya mtoto ilikuwa myekundu mpaka kidevuni.

"Kaitoa wapi?"

"Kitandani kwake. Jino linamwasha, basi anaguguna ile pete ya babu yake kutwa nzima. Huyu nimezaa panya."

Tulicheka wote. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, mpaka nikashika mbavu.

Sasa niwaeleze pete. Baba mkwe hakiruhusu kitanda kutoka mikononi mwake bila kukivisha pete. Ni mstari mwekundu wa upana wa kidole, unaozunguka ule ubao wa juu ambao mtoto hushika akijifunza kusimama. Anaupaka mwenyewe, kwa brashi yake, kutoka kwenye kopo lake ambalo hakuna mwingine anayeligusa. Kitanda kisicho na pete, yeye husema, ni mchumba bado, hakijaolewa. Mji mzima unamjua kwa pete hiyo.

Jioni nilikaa kukisoma cheti mara ya pili, ile raha ya kusoma jina lako mwenyewe. Chini kabisa palikuwa na maelezo ya sampuli: *Mbao iliyopakwa vanishi safi. Hakuna rangi.*

Nikasoma tena. Hakuna rangi.

Nikakumbuka. Wiki tuliyopeleka sampuli, Mzee Randa alikuwa kitandani na kiuno chake, hawezi hata kujigeuza. Mimi nilikuwa na haraka. Nilichukua kitanda cha kwanza kilichokauka vanishi, nikakipakia, nikaenda. Kilikuwa hakijavishwa pete. Alipopata nafuu, akaingia ghalani na brashi yake na kuvivisha vyote mia na ishirini.

Sitawadanganya, nilichoogopa Jumatatu ni mkaguzi tu. Nilisema, kama ile rangi nayo ni safi, nitaomba waiongeze kwenye cheti, yaishe.

Jumanne asubuhi nikamfuata Baba karakanani.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba Karani. Na wewe umekuja kunikagua?"

"Baba, ile rangi ya pete inaitwaje?"

"Inaitwa rangi."

"Umeinunua duka gani?"

Akaweka randa chini. Hapo nilijua nimegusa jambo analolipenda.

"Ya dukani inachuja. Hii si ya dukani. Ujanani nilipaka madaraja ya chuma, miaka sita, nikining'inia juu ya mto na brashi mkononi. Siku ya kuacha kazi wenzangu walipewa barua za shukrani. Mimi nikaomba pipa. Ni unga mwekundu, unauchanganya na mafuta ya kitani. Ukipaka chuma hakishiki kutu. Ukipaka mbao, mchwa hawaigusi. Nimefukia kipande pale nyuma ya choo huu mwaka wa ishirini. Mchwa wanakizunguka kwa adabu."

"Na mtu je, Baba?"

"Mtu kafanyaje?"

"Akiila."

"Karani," akacheka, "mtu gani anakula kitanda?"

Nilikuwa nimemwona anayekula, na nilikuwa nimemcheka.

Jumatano asubuhi nilichukua kisu cha jikoni, nikakwangua pete moja, unga wake nikautia kwenye bahasha ile ile iliyoletwa na cheti. Nikaenda maabara. Mlangoni kuna daftari, unaandika jina lako na saa. Nikaandika.

Bi Mizani ana kifaa kinachofanana na bunduki ndogo. Anakielekeza kwenye kitu, kinalia, namba zinatokea. Alikielekeza kwenye bahasha yangu. Kikalia. Akafuta miwani, akakielekeza tena.

"Hii umeitoa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. "Ni ya lango. Lango la jirani yangu. Anataka kujua tu."

"Lango la chuma?"

"La chuma."

"Mwambie jirani yako hii ina madini ya risasi, tena yamejaa. Ni ile rangi ya zamani ya kuzuia kutu kwenye madaraja. Kwa jirani yako kuna watoto?"

Hapa, wasomaji wangu, ndipo palipoharibika kila kitu. Sikusukumwa na mtu. Aliuliza kwa upole kabisa, kalamu mkononi.

"Hapana," nikasema. "Hakuna mtoto."

"Afadhali. Maana mtu mzima anaweza kuvumilia kidogo, lakini mtoto akilamba, madini yanaingia kwenye damu, yanafika kichwani. Na hutamwona anaumwa. Utaona tu hashiki mambo. Leo unamfundisha, kesho kasahau. Watu watasema ni mvivu."

Nikasimama, nikasema asante, nimechelewa, gari linaningoja. Hakukuwa na gari lolote.

"Na asije akalikwangua kwa msasa!" akanipigia kelele nyuma yangu. "Vumbi lake ndilo baya zaidi!"

Ningeweza kuwaambia kwamba sikusikia. Nilisikia kila neno. Nikaendelea kutembea.

Nilipofika nyumbani sikuingia ndani. Nilizunguka mpaka stoo, nikaondoa magunia, nikaondoa baiskeli mbovu, nikakitoa kitanda alicholalia Kipusa akiwa mchanga. Ndicho cha kwanza ambacho Baba alimtengenezea mjukuu wake. Nikaangalia ubao wa juu.

Pete haikuwepo. Palikuwa na meno. Vishimo vidogo vidogo vya meno, safu kwa safu, na mbao tupu.

Nikakaa chini kwenye magunia. Nililia kwa kwikwi, kanga mdomoni, ili nisisikike karakanani. Nilikuwa namwona Kipusa na kidole chake juu ya herufi, na mimi nimesimama nyuma yake nimeshika kiuno.

Mngetarajia kwamba hapo nilikimbia kwa wifi yangu, nikakitupa kile kitanda cha Bwana Mkubwa nje. Hata mimi nikijisimulia usiku huwa naiweka hivyo. Sivyo ilivyokuwa. Nilifuta uso, nikamwendea mume wangu.

"Baba Kipusa, njoo stoo."

Nikamweleza yote. Alishika ule ubao, akapitisha kidole gumba kwenye alama za meno. 

"Twende tukamwambie Baba," akasema.

"Tumwambie nini?"

"Hivi ulivyoniambia."

"Tumwambie kwamba kwa mkono wake amemlisha mjukuu wake sumu? Na watoto wa nusu ya mji? Kiuno chenyewe hajapona. Na cheti je? Kesho mkaguzi anakuja. Tukisema leo, hakuna cheti, hakuna mzigo, na hakuna atakayenunua kwetu hata kiti cha kukalia. Tukwangue pete zote leo. Tupige vanishi. Kesho vitafanana na sampuli, na kwa kweli vitakuwa safi. Hatumdanganyi mtu."

"Na Kipusa?"

"Kipusa…" Sikumaliza. Hilo ndilo lililokuwa limenikaba. Tukisema, ingebidi niseme na hilo, na ningeanza kwa kumwomba msamaha mtoto wa miaka tisa.

"Na kitanda cha dada yangu?" akauliza. "Kile nacho ni cha mzigo huu."

Kweli. Kilitoka na mguu mmoja mfupi kidogo, tukampa wifi, tukatengeneza kingine kufidia.

"Tukikigusa kile leo, wifi atauliza. Akiuliza atajua, akijua atamwambia Baba kabla hatujafika mlangoni. Unamjua dada yako. Tutakibadilisha Ijumaa, mzigo ukishaondoka. Ni siku mbili tu."

"Siku mbili," akasema, bila kuniangalia.

"Kakiguguna wiki nzima. Siku mbili zitaongeza nini?"

Ndiyo, niliyatamka maneno hayo kwa mdomo huu. Mume wangu akaenda kuchukua msasa.

Nikamwomba wifi ampeleke Baba kliniki kwa ajili ya kiuno, amchukue na mtoto wapunge hewa. Akanishukuru kwa kumjali baba yake. Mafundi wawili tukawapa ruhusa ya nusu siku. Tukajifunga vitambaa puani, tukaingia ghalani, tukaanza.

Pete mia na ishirini. Vumbi jekundu likapanda, likashuka, likatulia kwenye nywele, kwenye kope, kwenye mianya ya sakafu ya mbao. Nilikuwa nasikia sauti ya Bi Mizani kila nikivuta msasa, na kila nikiisikia nilivuta kwa nguvu zaidi.

Saa tisa mlango ukafunguliwa. Kipusa, na mkoba wa shule.

"Mama, mbona kila kitu chekundu?"

"Toka!" nikampigia kelele. "Toka nje! Usiguse kitu! Toka!"

Alinywea, akarudi nyuma hatua kwa hatua. Sikumwambia kwa nini. Alidhani ni ugomvi wetu ule ule wa kusoma.

Jioni vitanda vilikuwa vimetulia kwenye safu, vanishi mpya inang'aa, wala usingejua. Tulifagia, tukamwaga maji, tukafagia tena. Baba alirudi amechoka, akala, akaenda kulala bila kupita ghalani. Nikasema Mungu yuko.

Nikiwa napita na ndoo mbele ya chumba cha wifi, nikasikia kitu. Kru, kru, kru. Kama mtu anayepiga msasa taratibu.

"Wifi, ni wewe?" akaniita kutoka ndani. "Hebu msikie huyu panya wangu!"

Nikacheka. Nikapita na ndoo yangu.

Alhamisi saa tatu gari likasimama nje. Nilikuwa nimevaa gauni langu la harusi za watu, cheti kimo ndani ya jalada la plastiki. Mlango wa gari ukafunguliwa, na aliyeshuka alikuwa Bi Mizani.

"Mkaguzi ana udhuru," akasema. "Nimekuja mwenyewe."

"Karibu sana," nikasema, na sauti ilitoka kama si yangu.

Akalitazama lango letu. Ni la mbao, halijawahi kupakwa kitu. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Jirani wa kulia ana uzio wa michongoma. Jirani wa kushoto ameweka pipa katikati ya njia, ndilo lango lake.

"Lile lango la chuma ni la nyumba ipi?"

"Ni… ni kule nyuma."

"Ahaa," akasema, akaandika kitu.

Mume wangu akatangulia na ufunguo. Ghala halikuwa limefungwa. Akaniangalia, nikamwangalia. Akasukuma mlango, na kilichotupokea ni harufu ya mafuta ya kitani.

Baba mkwe alikuwa amechuchumaa katikati ya vitanda, kopo pembeni yake, brashi mkononi. Uso wote ulikuwa wa furaha.

"Karani! Mmetaka kuniaibisha mbele ya wageni! Nimeamka alfajiri nikasema nivione kwa mara ya mwisho, nakuta vitanda vyote havina pete. Nikasema hawa watoto wamepiga vanishi upya wakanisahau. Msijali. Nimeshavisha arobaini na moja."

Mume wangu aliegemea mlango.

"Shikamoo mzee," akasema Bi Mizani.

"Marahaba mama. Wewe ndiye mkaguzi? Karibu, angalia. Usishike hivi vya mbele, vibichi."

"Rangi nzuri."

"Mchwa hawaigusi."

"Naamini." Alikuwa ameshatoa kile kifaa kwenye mkoba. "Vitanda vyenye pete hii umeshatoa vingi?"

"Uliza nyumba ambayo haina. Hata humu ndani. Mjukuu wangu mdogo analalia kimoja. Na yule mkubwa, binti wa Karani hapa, alilalia cha kwanza kabisa."

Bi Mizani akanitazama. Akainama, akaelekeza kifaa kwenye pete iliyokauka zaidi. Kikalia. Sauti ile ilimleta wifi yangu mlangoni, Bwana Mkubwa mgongoni, kidole mdomoni.

Basi akaeleza. Alieleza taratibu, kwa adabu, akimwangalia Baba, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Madini. Damu. Kichwa. Kwamba watoto wote wawili wapelekwe kupimwa leo, na kwamba kuna watu wanaojua la kufanya.

Baba mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiangalia mikono yake.

"Miaka yote hiyo?" akauliza. "Wote?"

Hakungoja jibu. Aliifuta brashi kwenye ukingo wa kopo kama anavyoifuta siku zote, pande mbili, akachukua mfuniko, akaanza kuufunga. Haukufunga. Akajaribu tena, mume wangu akapiga magoti kumsaidia.

Wifi alikuwa bado mlangoni.

"Wifi," akasema. "Mlijua?"

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa pale, wazi, kubwa kama mlango wa ghala. Na nikafanya nini?

"Hapana," nikasema. "Haki ya Mungu. Tumejua sasa hivi, pamoja na wewe."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Kwenye mianya ya sakafu, licha ya maji yetu yote na ufagio wetu wote, bado palikuwa pekundu.

Bi Mizani alivua miwani, akaiacha ining'inie. Nadhani alifikiri kama aseme. Akasema.

"Alileta rangi hii kwangu jana. Saa nne na robo, ameandika mwenyewe kwenye daftari. Nilimweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Nikamwuliza kama kuna watoto."

"Akasemaje?" wifi akauliza.

"Akasema hakuna mtoto."

Nilingoja anipige. Nilingoja matusi, na wifi yangu matusi anayajua. Lakini alifungua kanga taratibu, akamshusha mwanawe, akavuka ghala lote kati ya vitanda hadi nilipokuwa nimesimama. Akamweka mikononi mwangu.

"Mshike," akasema. "Mwangalie usoni. Halafu umwambie yeye: hakuna mtoto."

Alikuwa mzito, wa moto, midomo myekundu. Alinishika pua kama anavyonishika kila siku, akacheka, na nikaona lile jino la pili limetoka.